Kiuno, rukuu na mpini wa ufagio

Kiuno kilinishika nikiwa kwenye rukuu. Jumanne alfajiri, rakaa ya pili, mikono iko magotini, nataka kunyanyuka, mwili ukagoma. Wala sikusikia maumivu makali wakati ule. Ilikuwa kama mtu kaja kwa nyuma, kafunga kufuli, kaondoka na ufunguo. Nikabaki vile vile nimeinama, nayatazama maua ya mswala, najiuliza watoto wakiamka watanikutaje. Mwishowe nikaketi taratibu, kama anayeshuka kwenye mtumbwi, nikaimaliza sala nimekaa. Sikusali tena kwa kusimama kwa zaidi ya mwezi mzima.

Jumapili, siku mbili nyuma, ndiyo nilikuwa nimeanza mazoezi.

Nina miaka 43, ni mhasibu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na ukiniuliza kazi yangu hasa ni nini nitakwambia ni kukaa. Nakaa kwenye daladala kutoka Tabata mpaka Posta, nakaa ofisini, nakaa kwenye foleni ya jioni, nikifika nyumbani nakaa na madaftari ya watoto. Mwisho wa mwezi tukifunga hesabu kuna siku nasimama mara tatu tu, na zote ni kwenda msalani. Mwaka jana lifti ya jengo letu ikafa wiki nzima. Sisi tuko ghorofa ya tano. Siku ya pili, kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, nimeshika ukuta natafuta pumzi, kijana mmoja akanipita na dumu la maji la lita 20 begani, akarudi nyuma ngazi mbili, akaniuliza kwa heshima zote: "Mama, nikusaidie mkoba?" Mkoba wenyewe ulikuwa na kalamu, kitenge na bakuli la wali.

Aliye Dar hahitaji kuelezwa jogingi ni nini. Kwa walio mbali: Jumapili alfajiri, kabla jua halijatoka, mitaa mingi ya mjini inapitiwa na kundi la watu waliovaa fulana za sare, wanakimbia na kuimba, filimbi mbele, bodaboda mmoja nyuma anayewakinga na magari. Ni klabu, ni kikoba, ni msiba na harusi, yote kwa pamoja. Ukifiwa wanakuja na fulana zao. Klabu ya mtaani kwetu inaongozwa na mzee mmoja aliyestaafu jeshini, sote tunamwita Kamanda. Shoga yangu aliyenipeleka aliniambia neno moja tu: "Usimwonyeshe kwamba umechoka."

Sikumwonyesha. Saa kumi na moja na nusu, giza bado, tukajipanga uwanja wa shule kupasha misuli. Kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti, mara thelathini. Kulala chali na kunyanyuka mpaka kifua kiguse magoti, mara hamsini. Halafu kichurachura kutoka goli hadi goli. Mara ya mwisho mimi kuruka kichurachura nilikuwa kidato cha pili, na ilikuwa adhabu. Kisha tukakimbia kilomita sita hivi. Mimi ambaye tangu mchakamchaka wa shule sikuwahi kukimbilia kitu zaidi ya daladala, nilimaliza zote. Nilirudi nyumbani natweta, nina raha ya ajabu, nikapiga picha ya kioo nikaituma kwenye kundi la familia.

Jumatatu mwili wote uliuma: mapaja, tumbo, makwapa, hata shingo. Hayo ni maumivu ya halali. Misuli isiyozoea ikitumikishwa huanza kulalamika baada ya muda wa nusu siku au siku nzima, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Huwa pande zote mbili, huwa ni uzito na kukakamaa, na ukitembea kidogo hupungua. Kilichonipata Jumanne kilikuwa kitu kingine, ila mimi sikujua kutofautisha. Nikavichanganya vyote nikasema mazoezi yamenivunja.

Basi na washauri nao hawakukawia. Kiuno cha mtu kikiuma, Mswahili ana orodha yake tayari. Jirani wa kulia akasema ni figo, ninywe maji mengi na nipunguze chumvi. Jirani wa kushoto akasema ni chango, na ana mama anayemjua Mbagala. Shemeji yangu akasema ni mshipa. Mlinzi wa jirani akanipunguzia: "Mama, hiyo ni baridi ya vigae." Nimegundua kumbe wanaume ndio wenye mzigo zaidi, mwanamume akisema kiuno kinamuuma, kabla hajamaliza sentensi ameshauziwa dawa ya nguvu za kiume. La figo ndilo lililoniogopesha, nikaja kuelezwa baadaye: figo ziko juu kuliko tunavyodhani, chini ya mbavu za nyuma, na maumivu yake kwa kawaida hayajali kama umeinama au umenyooka. Huja na homa, au kichefuchefu, au mkojo uliobadilika. Mimi yangu yalijua kabisa nikiinama.

Shangazi yangu alinichua kwa mafuta ya karafuu, na nasema wazi, raha niliyopata saa ile hakuna kidonge kilichonipa. Iliisha kabla ya magharibi.

Siku ya nne nikaenda zahanati moja ya kulipia. Wakanipiga eksirei. Daktari akainua picha kwenye mwanga, akaguna, akasema: "Pingili zako za chini zimesagika." Akaniandikia sindano ya diklofenaki, akaniuzia mkanda mweusi wenye vyuma, akanipa amri tatu: nisiiname, nisibebe kitu, na mazoezi niyasahau. Kiuno chenyewe hakukigusa hata kidogo. Alisoma picha tu. Nililipa pesa inayokaribia ada ya mwezi ya mtoto, nikatoka.

Neno lile, kusagika, lilinikaa. Usiku nikigeuka kitandani nausikia mgongo kama mahindi ndani ya kinu. Nikalala wiki nzima. Nikichukua kijiko kilichoanguka naita mtoto. Nikiketi chooni naweka mkono ukutani. Na kadiri nilivyojilinda ndivyo kiuno kilivyozidi kukakamaa, mpaka ikawa kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari ya kupangwa. Nikiwa nimelala hapo na simu ndipo niliposoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na linakadiria watafika milioni 843 ifikapo 2050. Kwamba hakuna ugonjwa unaowafanya watu wengi zaidi duniani washindwe shughuli zao. Badala ya kufarijika nikaona kumbe ni janga.

Mkanda ule, acha nisimame hapo kidogo. Nilipoufunga mara ya kwanza nilijisikia salama, na nikajua kwa nini. Baada ya kuzaa, marehemu bibi yangu alinifunga mkaja siku arobaini, akavuta kitambaa mpaka pumzi ikawa ya kupimwa. Na kazi ikiwa nzito wanawake wa pwani tunajifunga kibwebwe. Kwa hiyo kiuno kilichofungwa, kwetu, ni kiuno kilicho tayari. Lakini kibwebwe unakifungua kazi ikiisha, na mkaja una siku zake. Mimi mkanda niliulalia.

Aliyenitoa kitandani ni mama yangu, kwa simu kutoka Muheza. Hakunipa dawa. Aliniuliza: "Sasa utalala mpaka lini?" Nikakasirika, na kesho yake nikaenda hospitali ya serikali, kitengo cha fiziotherapia, mahali ambapo nilidhani wanapelekwa waliovunjika miguu na waliopooza.

Nilimkuta kijana wa kama miaka 30, mpole, mwenye aibu kidogo. Nilimpa bahasha ya picha. Akaitazama sekunde chache, akaigeuza kifudifudi mezani, akaanza kuniuliza maswali. Je, kuna ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli? Mkojo au choo vinakuponyoka, au umeshindwa kukojoa? Mguu mmoja umelegea, unaburuza? Umepungua uzito bila kutaka? Homa za jioni, jasho la usiku? Ulianguka? Umewahi kuwa na saratani? Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa hujageuka? Kila moja nikajibu hapana. Akaniambia jibu la ndiyo kwa yale mawili matatu ya kwanza ni la kukimbizana hospitali siku hiyo hiyo, si la kusubiri Jumatatu. Na yale ya homa na jasho anauliza kila mtu bila kuruka, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinashuka kwenye pingili, na huko hakina kikohozi. Mtu anachuliwa mafuta miezi sita huku mfupa unaliwa. Hilo nimelikariri, na nawe likariri, maana sisi tunaoishi huku si jambo la vitabuni.

Kisha ndipo akarudi kwenye picha. "Dada, wanakuambia zimesagika?" Akanieleza kwamba watafiti walikusanya picha za mashine za MRI na CT za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika wenye miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski, vile vitakio vya kati ya pingili, zilizochakaa na asilimia 50 zilizotuna. Hawaumwi. Wanaenda kazini, wanacheza ngoma. "Hiyo ni mvi," akasema. "Mvi za ndani." Akaongeza kwamba katika kila wagonjwa kumi wa kiuno, tisa hivi hutaweza kunyoosha kidole ukasema hiki ndicho kinachouma, kuna misuli, kuna viungo vidogo, kuna usingizi mbaya, kuna hofu, vyote vimo kwenye sufuria moja.

Sikumwamini moja kwa moja. Mtu aliyelipia picha anataka picha iseme kitu.

Akanisimamisha, akaangusha kalamu makusudi, akasema, "Niokotee." Nikainama kama ninavyoinama siku zote: magoti nimeyanyoosha, mgongo nimeupinda kama ndizi, kichwa chini. Katikati kichomi kikanipiga, nikaachia. Hakusema neno. Akaenda pembeni akachukua ufagio wa mpini mrefu, ule wa kupigia deki, akauchomoa mpini, akauweka wima mgongoni kwangu. Akaniambia niushike, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine kiunoni. Mpini uniguse sehemu tatu: kisogoni, katikati ya mabega, na kwenye kifandugu. "Sasa inama, lakini mpini usiondoke sehemu hata moja. Legeza magoti. Peleka makalio nyuma, kama unasukuma mlango wa friji huku umebeba masufuria."

Jaribio la kwanza mpini ukaniacha kifandugu. La pili ukaniacha kisogo. La tatu nikaupeleka mwili nyuma, nikahisi nyama za nyuma ya mapaja zinavutika kama kamba, kifua kinashuka, mgongo umelala, na sikuumia. Nilikuwa nimeinama kuliko nilivyoweza wiki tatu zote, na sikuumia. Nikabaki pale. Nikamwambia, "Hii ni rukuu."

Akacheka. Akasema yeye ni Mkristo, nimweleze. Nikamweleza kwamba chuoni maalimu wetu alikuwa anapita nyuma yetu na fimbo, anatunyoosha: rukuu mgongo ulale sawasawa, kiasi kwamba ukiwekewa bilauri ya maji isimwagike. Nimeswali tangu nina miaka saba. Na ukiniuliza bilauri ilianza kumwagika lini, sijui. Pole pole, kwa haraka za kazini, rukuu yangu ilikuwa imegeuka kuwa kuchungulia chini ya meza.

Kwa hiyo siri ilikuwa wapi mwili unakunjikia. Nyonga ni kiungo kikubwa, mfupa wa mviringo ndani ya bakuli, kimezungukwa na misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Kimeumbwa kukunjika siku nzima. Pingili tano za kiunoni zinaweza kupinda, na si dhambi kuzipinda, lakini ukizifanyisha kazi ya nyonga mara thelathini na mara hamsini, siku ya kwanza, baada ya miaka kumi ya kiti, lazima zidai chao.

Kuna na lile la saa. Hili lilinishangaza kuliko yote. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na diski hunywa maji usiku tukiwa tumelala. Ndiyo maana asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni, sentimita moja na ushee. Diski iliyojaa ni kama mpira uliopigwa upepo kupita kiasi: ukiipinda inabana zaidi. Sehemu kubwa ya ule ujazo hupotea ndani ya saa la kwanza la kusimama na kutembea. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani, Stover Snook, na wenzake walichapisha jaribio la watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waliofundishwa jambo moja tu, wasijipinde mbele saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Sasa nifikirie mimi: saa kumi na moja na nusu, nimetoka kitandani dakika ishirini zilizopita, nagusa vidole vya miguu mara thelathini kwa amri.

Mama yangu ana shamba la michungwa na mihogo, na palizi anapalilia mwenyewe mpaka leo. Nilipokwenda Muheza baada ya hapo nilimtazama kwa jicho jipya, kitu ambacho hakikumfurahisha. Anashika jembe, miguu kaitanua, magoti kayalegeza, makalio nyuma, na mgongo wake kutoka mabegani hadi kiunoni ni meza. Anakaa hivyo nusu saa. Akiokota chungwa, hivyo hivyo. Akifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, hivyo hivyo. Lakini sitaki niwaletee hadithi ya kwamba wazee wetu hawakuumwa kiuno. Anaumwa, hasa msimu wa palizi, na jioni namsikia akishuka kwenye kigoda anavyotaja watakatifu wote wa Kiislamu. Tofauti ni kwamba yeye hajawahi kuambiwa amesagika. Analala, anaamka, anaanza na kazi nyepesi.

Mazoezi niliyopewa yalikuwa ya kuchekesha kwa udogo wake. Matatu kati yake yanatokana na kazi ya Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyetumia miaka yake Chuo Kikuu cha Waterloo akipima migongo, na wataalamu wengi wa mgongo wanayajua. Mimi nimeyapa majina yangu. La kwanza naliita kichwa cha kasa: unalala chali, goti moja umekunja, mikono chini ya kiuno kulinda ule mpindo wa asili, unanyanyua kichwa na mabega kidogo tu, kama kasa anayechungulia, sekunde kumi. Si kama zile hamsini za Kamanda, kifua hakiendi popote. La pili ni kulalia kiwiko, ubavu ubavu, nyonga juu. La tatu naliita kuomba lifti: unakaa kwa magoti na viganja, unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usitikisike. Mwanangu wa mwisho alikuwa ananiwekea kikombe cha plastiki kiunoni kuona kama kitaanguka. Bilauri ya maalimu ilirudi, tena ikiwa tupu.

La nne lilituaibisha wote wawili. Kijana alitaka nilale chali nijifunze kuinamisha nyonga mbele na nyuma, kiuno kigusane na kitanda kisha kiachane. Alikuwa anatafuta maneno: "Yaani... hiyo sehemu... unaizungusha kidogo, lakini tumbo..." Nikamhurumia. Nilimwambia, mwanangu, mimi ni mtu wa Tanga, nimekaa ndani na somo wangu wa unyago. Hilo unaloniambia nililifundishwa kabla hujazaliwa na wewe huwezi kunisimamia. Muuguzi wa kitanda cha pili alitoka nje kucheka. Lakini kweli: kiuno ambacho ngoma inakitaka kiwe laini, mimi nilikuwa nimekifanya ubao kwa hofu. Nilizungusha pale nikiwa naogopa, mara tano, mara kumi, na ndani ya dakika nikahisi ile kufuli inalegea.

Na kutembea. Hiki ndicho alichokisisitiza kuliko vyote, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mahali tambarare, mikono ikining'inia. Nilitaka dawa ya maana zaidi. Akaniambia mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia la watu 701 waliokuwa wametoka kuugua kiuno. Nusu waliwekwa kwenye mpango wa kutembea, wakiongeza polepole hadi dakika thelathini mara tano kwa wiki, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nusu wakaachwa. Waliotembea walikaa siku 208 kwa wastani kabla kiuno hakijarudi, walioachwa siku 112. Nikauliza, kwa hiyo kitarudi? Akasema, "Dada, mafua yanarudi?"

Alinipa na kipimo cha kuishi nacho, nakitumia hadi leo. Maumivu niyape alama, sifuri mpaka kumi. Yakifika tatu nikiwa kwenye zoezi, sawa, niendelee, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi yalikokuwa. Yakiamka yamepanda, nimezidisha. Nipunguze kipimo, nisiache zoezi. Na niangalie yanakokwenda. Yakitoka kiunoni yakashuka kwenye kalio, paja, kuvuka goti, hiyo siyo njia. Zoezi hilo tulibadilishe. Yakitoka mguuni yakarudi kujikusanya kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, ni habari njema. Kabla ya hapo kwangu maumivu yalikuwa ndiyo au hapana.

Vidonge sikuvikataa, nilimeza siku chache za mwanzo. Ila niliacha kumeza parasetamoli kama karanga, maana kwa kiuno kilichoshika ghafla ilishapimwa Australia kwa zaidi ya wagonjwa 1,600, mwaka 2014, na haikuwaponya haraka kuliko vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Na zile kali za jamii ya diklofenaki si za mtu mwenye presha au vidonda vya tumbo kujinunulia dukani kwa mazoea.

Wiki ya sita nilikuwa nasali nimesimama. Mwezi wa tatu nikaanza kukimbia: dakika moja nakimbia, mbili natembea, kwenye daraja la Tanzanite jioni, pale upepo wa bahari unamfanya hata mhasibu ajione mwanariadha. Mwezi wa nne kiuno kikanishika tena. Mtungi wa gesi, kilo kumi na tano, niliuvuta kutoka chini ya meza huku nimejipinda na kujigeuza, naongea na simu. Kile kile, kufuli na ufunguo. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia, nakiri, si kwa maumivu, ni kwa hasira. Kisha nikafanya nilichofundishwa: nikalala chali miguu juu ya kiti robo saa, nikazungusha nyonga, nikatoka nje nikatembea mpaka duka la mangi na kurudi, mwendo wa bata. Ofisini nikaenda kesho yake. Kila nusu saa nasimama. Bosi alidhani nasubiri mtu. Mara ya kwanza ilinichukua wiki sita. Hii ilichukua siku tano.

Mkanda mweusi uko kabatini. Nilimpa shemeji mwenye mshipa akaurudisha.

Klabuni nimerudi. Nilimwendea Kamanda kabla, nikamwamkia, nikamweleza yote: maji ya diski, saa la kwanza, nyonga. Nikamwomba ile ya kugusa vidole na ile ya hamsini azipeleke mwisho, baada ya kukimbia, au kwa wapya azifute. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Akasema jeshini aliwapitisha vijana mia kwa mia kwa zoezi hilo hilo na hakuna aliyelala kitandani wiki. Nikamwambia, "Kamanda, vijana hao walikuwa na miaka kumi na tisa." Akapuliza filimbi.

Kwa hiyo Jumapili wenzangu wakianza kuhesabu moja mpaka thelathini, mimi nasogea pembeni karibu na goli, natembea na kurudi, natikisa mikono, nazungusha nyonga, nafanya rukuu tano za mpini bila mpini. Wiki ya kwanza nilikuwa peke yangu na walinicheka. Kisha akaja dereva mmoja wa lori, hakusema kwa nini. Kamanda ametupa jina, anatuita wodi. "Wodi, bado hamjapona?" Jumapili iliyopita tulikuwa wanane, na mmoja alikuja na mpini wa ufagio kutoka nyumbani.